Kabla Injini Haijatolewa

Ikonge, Jumapili, Mei 1974. Mvua tangu saa nane mchana.

Naomba radhi kwa kunyamaza, ingawa sijui ninamwomba nani. Nimelifungua daftari hili leo na kukuta kwamba mara ya mwisho niliandika Septemba ya mwaka juzi, na nililoandika ni sentensi moja: "Injini ilikataa mlimani, mtoto hakuishi." Baada ya hapo kurasa ni nyeupe.

Nilifundisha kwa miaka thelathini na mmoja. Mwanafunzi aliyeniletea insha ya sentensi moja nilimrudisha akaandike upya. Mimi sikurudishwa na mtu.

Jambo linalonisumbua ni hili. Kufikia Jumanne lazima tuamue kama injini ya pikapu itolewe, iwekwe nyingine. Pikapu ni ile ile niliyoinunua kwa mkulima wa Kizungu wa upande wa Sotik mwaka ule alipouza vyake na kurudi kwao. Wakati huo ilikuwa na rangi ya majivu. Sasa milango ni ya majivu na boneti ni ya kijani, kwa sababu boneti ya kwanza ililiwa na kutu. Imebeba ndizi, imebeba mbolea, imebeba mabati ya kanisa letu, imebeba wagonjwa wa vijiji vitatu. Imebeba majeneza pia. Hakuna gari jingine upande huu wa mto, na hakuna dereva mwingine isipokuwa mimi. Nimehakikisha hivyo kwa miaka kumi. Mwanangu Ombati ameniomba mara nyingi nimfundishe kuendesha, nami nimemjibu kila mara kwamba gari si baiskeli.

Ombati anafundisha Nyamache. Huja nyumbani Ijumaa kabla jua halijatua, na hurudi Jumatatu alfajiri. Mke wake, Kemunto, anakaa hapa pamoja nasi. Ana mimba, na wanawake wanasema zimebaki wiki tano. Fundi anahitaji wiki tatu kuiweka injini. Ndiyo maana ni Jumanne.

Leo asubuhi tulikwenda Kisii, Ombati na mimi, kwa fundi Nyakundi. Nyakundi hufunga gereji siku ya Sabato, Jumamosi, kama sisi, kwa hiyo Jumapili huwa na watu wengi, na mtu husubiri zamu yake akiwa amekalia tairi. Nilimfundisha Nyakundi darasa la tano. Hakuwa mwanafunzi mzuri wa hesabu, lakini mikono yake ilikuwa na akili tangu wakati ule.

Alifungua boneti, akatikisa kichwa, akaniambia mbele ya watu wote kwamba injini ile ilipaswa kustaafu kabla yangu. "Wewe serikali ilikuandikia barua, Mwalimu, ukatoka darasani," alisema. "Huyu mzee hakuna aliyemwandikia. Bado amesimama na chaki mkononi." Watu walicheka. Ombati alicheka pia, kisha akanitazama kuona kama nimekasirika.

Injini anayotaka kutuuzia iko nyuma ya gereji, juu ya vipande viwili vya mti, imefunikwa gunia. Ni ya dizeli, imetoka katika lori dogo lililooza bodi. Nyakundi anasema kwamba itapanda mlima wowote ikiwa imebeba magunia kumi na tano, na kwamba haitaomba petroli, ambayo sasa hata wenye maduka wanaiogopa kwa bei yake. Lakini ni nzito kuliko ya sasa. Springi za mbele zitaongezwa jani moja kila upande. Vyuma vinavyoishikilia injini kwenye chesisi vitakatwa na kuchomelewa upya. Rejeta itasogezwa. Gia za zamani hazitakubaliana nayo, kwa hiyo zitabadilishwa pia. Namba ya injini itaandikwa upya katika kitabu cha gari. Nilimuuliza kitakachobaki cha pikapu yangu ni nini. Alijibu kwamba kutabaki milango, na mimi.

Njia ya pili ni kuzichonga silinda za injini iliyopo, kuiwekea pistoni na ringi mpya, na kuirudisha mahali pake. Hiyo ni kazi ya siku sita.

Ombati anataka dizeli. Amekwisha kuzungumza na mtu wa kumnunua ng'ombe wake wa maziwa, na mtu huyo atakuja na kamba Jumanne. Ni ng'ombe pekee aliye naye. Mtoto atakayezaliwa atazaliwa katika nyumba isiyo na maziwa, kwa ajili ya injini.

Nyakundi ni mtu mwaminifu. Kabla ya kuuza injini yake alitaka kuipima yangu. Alifungua plagi moja moja, akaziba tundu kwa kidole gumba, akaniambia nizungushe hendeli ya kuwashia injini. Silinda ya kwanza ilimsukuma kidole. Ya pili ikamsukuma. Ya tatu ikapumua tu, kama mgonjwa. Ya nne ikamsukuma vizuri. Akafuta mikono yake.

"Inakula oili na inatoa moshi," alisema. "Lakini inapanda. Hii ingepanda hata leo. Siku ile ilikataa vipi, Mwalimu?"

Nilimwambia kwamba ilichemka.

"Iliyochemka hupoa kwa nusu saa. Ukiitia maji inawaka. Mlikaa pale muda gani?"

Nilikuwa bado nimeshika hendeli. Ombati ndiye aliyejibu, kwa upole, kama mtu anayemsaidia mgeni aliyesahau neno. Alisema kwamba tulikaa zaidi ya saa nzima, na kwamba injini haikukubali kuwaka hata baada ya kutiwa maji. "Tata alijaribu sana," alisema. Tata ni baba, ndivyo anavyoniita.

Alisema hivyo kwa sababu mimi ndiye niliyemwambia.

Nyakundi alinitazama. Alikwisha kuiona silinda ya tatu na alijua inaweza nini na haiwezi nini. Kisha akainama, akarudisha plagi mahali pake, wala hakuuliza tena. Tulirudi nyumbani. Ombati alizungumzia springi.

Sasa niandike upya ile sentensi moja.

Ilikuwa Sabato. Uchungu ulimwanza Kemunto wakati wa ibada, na mkunga wetu, mama Kerubo, alimshika tumbo akasema kwamba mtoto amelala vibaya na lazima tufike hospitali kuu. Ombati alikuwa Nyamache kwa sababu ya mtihani. Nilitoka kanisani mara moja, nikawasha gari. Kuna wazee waliouliza kama ni sawa kuendesha siku ile. Niliwajibu kwamba kutenda mema siku ya Sabato ni halali. Sikusita hata kidogo. Natamani kuliandika hilo wazi, kwamba sheria ya Mungu niliielewa vizuri asubuhi ile.

Kemunto hakukaa mbele. Mkazamwana hakai bega kwa bega na baba wa mume wake. Kwetu tunaita jambo hilo ensoni, nayo ni haya na heshima pamoja. Siingii nyumbani kwake. Simpi mkono. Akipita na mtungi mimi husimama kando, naye huinamisha macho. Hakuna aliyetuamrisha, tulizaliwa tukakuta hivyo. Kwa hiyo alilazwa nyuma, juu ya godoro, chini ya turubai, pamoja na mama Kerubo na mke wangu Moraa. Mimi nilikaa mbele peke yangu na kiti kitupu.

Mlimani, kabla ya kufika Nyamira, rejeta ilianza kutoa mvuke. Nilisimama, nikafungua boneti, nikachukua debe, nikateremka mtoni. Hayo ni mambo ya kawaida kwa gari hili. Niliporudi na maji Moraa alikuwa amesimama barabarani, akanizuia kwa mkono. Saa ya Kemunto ilikuwa imefika. Niliweka debe chini, nikatembea kupanda mlima hadi nilipopita kona, nikageuka, nikawapa mgongo.

Hapo ndipo nilipokaa.

Moraa alikuja mara ya kwanza. Alisema kwamba mama Kerubo amekwisha kuitia rejeta maji, injini imepoa, na mtoto ametanguliza mguu. Kazi ile haikuwa ya barabarani tena. "Baba Ombati, njoo uwashe gari." Niliuliza kama Kemunto amefunikwa. Alisema kwamba amefunikwa kwa kilichokuwapo. Katika pikapu ile, nyuma ya kiti cha dereva, kuna dirisha dogo la kioo. Nilifikiria dirisha lile. Nilifikiria kwamba nitamwona, naye atajua kwamba nimemwona, na kwamba baada ya hapo hatutaweza kuishi katika boma moja. Nilimwambia Moraa wasubiri kidogo, huenda akajifungua salama, ndipo nije.

Alikuja mara ya pili. Sitaandika alivyonisihi. Ni mama wa watoto wangu sita, na sikuwahi kumwona amepiga magoti barabarani.

Mara ya tatu alikuja mama Kerubo. Yeye hakunisihi. Alisimama mbali kidogo akasema, "Mwalimu, mtoto ametulia. Sasa twaweza kwenda."

Nilikwenda. Nilitembea nikitazama matairi. Moraa alikuwa amefungua kitambaa chake cha kichwa na kukitundika kwenye lile dirisha dogo, nacho kililifunika lote, kona hadi kona. Kitambaa hicho kilikuwa kichwani pake tangu tulipotoka kanisani.

Nilizungusha hendeli mara moja. Injini iliwaka.

Daktari alisema kwamba kitovu kilikuwa kimemzonga mtoto shingo, na kwamba kama tungalifika mapema, labda. Nilimwomba arudie neno hilo, akalirudia. Labda. Alikuwa mtoto wa kiume. Jioni Ombati alifika kutoka Nyamache akiwa na vumbi hadi kwenye nyusi, akanikuta nje ya wodi, akaniuliza kilichotokea. Kuna mambo ambayo baba na mwana wetu hawayataji, na uzazi wa mke wa mwana ni la kwanza miongoni mwa hayo. Nilitafuta njia ya kumjibu bila kutaja alikokuwa mke wake, wala alivyokuwa, wala mimi nilikosimama. Njia niliyoiona ilikuwa fupi.

"Injini ilikataa," nilimwambia.

Alinishika mkono. Yeye ndiye aliyenifariji mimi.

Tangu siku hiyo tumezungumza juu ya injini. Tumeizungumza kwenye chakula, tumeizungumza baada ya ibada, tumeizungumza mbele ya wageni. Imekuwa kama jirani mwovu ambaye kila mtu anaruhusiwa kumsema. Wazee wa kanisa walinishauri niiuze kama chuma chakavu. Nami nilikuwa nikitikisa kichwa na kusema kwamba ni kweli, imechoka, imetuponza. Mara moja nilimwona Ombati akiipiga teke tairi la mbele alipodhani hakuna anayemwona. Nilikuwa dirishani. Nilirudi kitini nikaendelea kusoma.

Wanaojua ni watatu. Mama Kerubo anajua, naye amezalisha nusu ya tarafa hii na amezoea kunyamaza. Moraa anajua. Hajawahi kunitamkia neno, lakini tangu siku ile hajakaa mbele katika pikapu. Tukienda sokoni hukaa nyuma pamoja na ndizi, na watu hudhani kwamba ni unyenyekevu.

Wa tatu ni Kemunto. Alikuwa amelala pale. Alimsikia Moraa akiondoka kwenda kuniita na kurudi peke yake, mara mbili. Aliisikia injini ikiwaka. Amekaa nyumbani kwangu mwaka mmoja na miezi minane, ameniwekea maji ya kunawa mlangoni kila jioni, na hajamwambia mume wake. Nimejiuliza mara nyingi kwa nini. Huenda ensoni iliyonisimamisha mimi kule konani ndiyo iliyomfunga yeye mdomo. Mimi ilinikinga, yeye imembebesha.

Leo tuliporudi kutoka Kisii, Ombati alikwenda moja kwa moja kumweleza mke wake habari za dizeli: magunia kumi na tano, mlima wowote. Mimi nilikuwa nje nikivua viatu vyenye matope. Baada ya muda Moraa alitoka jikoni akaja kusimama karibu nami. Kwanza alizungumzia mvua, kwamba chai ya kesho itachumwa ikiwa imelowa na kituo cha kupokelea chai kitaikataa. Kisha akasema lile alilotumwa.

"Kemunto anasema hatapanda gari hilo."

Nilimwambia kwamba ndiyo maana Ombati anataka kulibadilisha injini.

"Hata likiwekwa injini ya treni," alisema Moraa. "Anasema akishikwa na uchungu atatembea. Mwanao anadhani anaogopa mlima. Wewe usidhani hivyo."

Hakupandisha sauti. Alichukua viatu vyangu akaenda kuvikwangua matope, kama afanyavyo siku zote.

Nimekaa na maneno hayo tangu saa tisa. Mwanamke mwenye mtoto tumboni, ambaye mtoto wake wa kwanza alitanguliza mguu, anasema kwamba atatembea kwenda Kisii. Simdhanii kwamba ni mkaidi. Amepiga hesabu yake akaona kwamba miguu yake ni ya kuaminika kuliko mimi. Na Ombati atamtoa ng'ombe wake Jumanne kununua dawa ya ugonjwa ambao gari halina. Injini mpya itakuja, itapakwa mafuta, itanguruma hapa uani, na mke wake bado hatapanda. Hapo Ombati atamlaumu yeye. Atasema kwamba ameuza ng'ombe bure kwa ajili ya mwanamke asiye na shukrani. Nitakuwa nimemtwika Kemunto na hilo pia.

Nimejaribu kutafuta namna ya kuliepa. Naweza kusema kwamba Nyakundi alikosea kipimo. Naweza kuagiza silinda zichongwe, ng'ombe abaki, na jambo liishe kimya. Naweza kumtoa Kemunto mapema akakae kwa dada yake mjini Kisii, karibu na hospitali, na kila mtu aone kwamba ni busara ya mzee. Hilo la mwisho ni jema, na lazima lifanyike kwa vyovyote. Lakini nimeona kwamba kila njia niliyoifikiria leo ina kitu kimoja ndani yake: mimi nabaki vile vile, na mwanangu haambiwi.

Kwa miaka thelathini na mmoja niliwaadhibu watoto kwa uongo. Sikuwaadhibu kwa kushindwa. Mtoto aliyeshindwa nilimwambia arudie. Aliyedanganya nilimchapa, na kabla ya kumchapa nilimtaka aseme mbele ya darasa lote alichokifanya. Wapo waliolia zaidi kwa kusema kuliko kwa fimbo. Nilidhani ni woga wa kitoto.

Ombati ameingia sasa hivi kuniaga alale mapema, kwa kuwa kesho lazima apate gari la alfajiri barabarani. Nilimwambia asijisumbue, nitampeleka mwenyewe hadi Nyamache kwa pikapu. Alishangaa. Alisema kwamba njia imeharibika kwa mvua na kwamba injini ile si ya safari kama hiyo. Nilimwambia kwamba tutaondoka saa kumi na moja. "Haya, Tata," alisema, akatoka.

Nimefikiria nitakavyofanya, kwa sababu najijua. Nikianza kuzungumza tukiwa njiani nitazungumzia springi. Kwa hiyo nitaendesha hadi pale mlimani, nitasimama mahali pale pale, nitaizima injini. Nitamwonyesha kona. Nitamwambia mama yake alikuja mara ngapi. Nitamwambia habari za kitambaa. Hayo ni mambo ambayo baba hamwambii mwanawe, nami sina maneno mengine ya kuyafunika. Nikimaliza nitampa hendeli, ashuke, aizungushe yeye mwenyewe.

Nimemaliza kuandika hilo nikajikuta natamani ikatae. Mzee wa kanisa, nimeketi hapa nikiombea gari liharibike.

Itawaka. Siku ile iliwaka.

Baada ya hapo nitahamia kiti cha pili, naye atashika usukani. Hajui kuendesha, na njia ni mbaya, na nitamfundisha kuanzia pale hadi Nyamache kama atakubali niendelee kukaa ndani ya gari. Akiniteremsha, nitateremka. Kabla ya Jumanne ataamua yeye: injini itolewe au ibaki, ng'ombe auzwe au arudi malishoni, na nani atamwendesha mke wake siku ikifika. Mimi nimeamua mambo ya pikapu hii kwa miaka kumi, na inatosha.

Sitagusa kalamu mpaka awe amesema. Siku atakayosema nitayaandika hapa maneno yake jinsi alivyoyatamka, hata kama yatanihusu mimi kuliko injini, na sitayasahihisha.